Waragi, Makapeni na Jina la Baba Yako

Ajambo,

Umekwenda na bibi yako kunyolewa, kwa sababu shule haitaki kuona hata msuko mmoja, na mimi nimebaki na sanduku lako. Liko hapa mbele yangu, la bati, la buluu, na kwenye kifuniko chake pana doa la ukubwa wa kiganja ambapo rangi imetoka na bati linaonekana. Doa hilo nililifanya mimi jana. Mtarudi kabla jua halijazama, ukiwa na kichwa ambacho sijakiona tangu ulipokuwa mchanga, na nataka niwe nimemaliza kuandika.

Sitakuandikia habari za mswaki wala chandarua. Bibi yako amekwisha kukueleza mara nne namna ya kukunja shuka, na naamini ya tano anakupa sasa hivi huko kwa kinyozi. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilosema jana, ambalo sikulijibu.

Ulikuwa umepiga magoti sakafuni na ile makapeni uliyonunua sokoni, wino mweusi usiotoka kwa maji, kwa kuwa orodha ya shule imesema kila kitu kiandikwe jina: ndoo, beseni, godoro, sanduku. Uliandika polepole, kwa herufi kubwa, ulimi nje. AJAMBO OWOR. Nikatoka jikoni nikaziona zile herufi nne za mwisho. Kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa na chupa ya spiriti mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, nasugua.

"Mama, unafanya nini?"

"Tutaandika vizuri."

"Nimeandika vizuri."

Bibi yako akasema kutoka kwenye mkeka wake, "Mwache mtoto. Na huo ugonjwa wako wa kufuta, ipo siku utajifuta pua."

Wewe hukucheka. Ulinitazama kama mtu mzima anavyomtazama mlevi. "Nimeandika jina la Baba," ulisema. "Sijaandika la Baba Mkubwa."

Nilitoka nje nikasimama kwenye migomba, na sikurudi mpaka mlipokwisha kula. Huwezi kujua jinsi ulivyosema kweli, kwa sababu mambo haya sijawahi kukusimulia. Umekua ukijua tu kwamba nyumbani kwetu hakuna makapeni, kwamba Petta hatuendi, na kwamba meza yetu haivuliwi kitambaa. Sasa soma.

Nakuandikia Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumba hii. Baba yako alikuwa wa Petta, na Kisamia chetu kwake kiliishia kwenye salamu. Mimi wa Buhehe, Kidhopadhola cha kwao kilinishinda ulimi. Tulikutana kwa Kiswahili cha mpakani, mimi nikitoka shule upande wa Kenya na sare yangu, yeye akiuza viti kando ya barabara. Alikuwa fundi seremala. Aliniuliza kama nimechoka, akanipa kiti nikalie, kisha akasema, "Sasa umekalia, umenunua." Huo ndio uchumba wetu wote. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Meza tunayolia chakula aliitengeneza yeye. Viti vinne pia, na kigoda chako, kile kidogo ambacho siku hizi unakitumia kufikia rafu ya juu. Kila kimoja alikipaka vanishi ya spiriti kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka ungeweza kujiona usoni. Alikufa ulipokuwa na miaka mitano, baada ya kuugua wiki mbili tu.

Unajua desturi ya kwetu mtu akifa. Majirani wanaleta viti, sufuria, mabeseni, maturubai, na kila matanga yana mtu wa kuangalia vyombo. Kazi yake ni kuandika jina la mwenyewe kwenye kila kitu kabla hakijapakiwa, maana hakuna aibu inayozidi sufuria ya jirani kupotelea matangani kwako. Maziko yalikuwa Petta, na lori liliegeshwa hapa mlangoni. Mwangalizi wa vyombo alikuwa Jakobo, kaka mkubwa wa baba yako. Alikuwa na makapeni shingoni, imefungwa kwa uzi kama filimbi ya refa.

Alipomaliza vya majirani akaingia ndani kuandika vyetu, navyo viende Petta kwa matumizi ya matanga.

"Mama Ajambo, hii meza ya nani?"

"Yetu."

"Na hii viti nne?"

"Vyetu, shemeji. Andika."

"Na hii kadogo?"

"Cha Ajambo. Kiandike nacho, kisipotee."

Akaandika OWOR juu ya meza, OWOR nyuma ya kila kiti, OWOR chini ya kigoda, OWOR kwenye kochi la reksini, kwenye kioo cha kabati, kwenye masufuria. Nilimwinulia vitu ili aandike chini yake. Kimoja alikisahau, birika la chai, nikamkimbilia nalo hadi kwenye lori. "Shemeji, hiki pia." Nilimshukuru. Nilidhani ananitunzia nyumba siku ambayo mimi mwenyewe sikuweza kutunza hata kilemba changu.

Siku moja baada ya maziko, watu wakiwa bado chini ya maturubai, Jakobo alisimama akatangaza utaratibu wa vyombo. Vya majirani vitarudi kwetu Busia na lori siku ya tatu. Nikauliza vyetu vitapakiwa kabla au baada.

"Vyenu vipi?"

"Nilivyokuonyesha."

"Zimeandikwa Owor," alisema, bila kupandisha sauti. "Na Owor yuko hapa." Akaelekeza kidevu kwenye udongo mbichi. "Wewe mwenyewe ulinionyesha, moja moja. Watu waliona."

Na kweli waliona. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali, mwingine akakohoa, mazungumzo yakahamia kwenye ng'ombe. Nami nilirudi kukaa mkekani, Ajambo. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kidato cha nne. Nilijua kusawazisha mlinganyo wowote wa kemia. Kwamba sheria ilikuwa na neno la kusema kuhusu mjane na vyombo vyake, hilo sikulijua, na sikujua wa kumuuliza. Ulikuwa umelala mapajani mwangu. Jakobo akapita, akainama, akakuandika mkononi kwa ile makapeni, kwa mchezo. OWOR. "Hii nayo tusije tukaisahau," akasema, na watu wakacheka. Nami nikacheka. Hicho kicheko nimekisikia masikioni mwangu kila siku kwa miaka minane, na ndicho kilichonisimamisha.

Nilijua jambo moja ambalo Jakobo hakulijua. Wino ule hautoki kwa maji wala sabuni, lakini kileo kinaunyeyusha. Na matangani kwa baba yako, kileo hakikukosekana.

Nilikwenda kwa wanawake waliokuwa wakigawa waragi nikaomba kikombe. Wakanionea huruma, wakanijazia. Nikaomba ile ya kwanza kutoka mtamboni, kali, inayoshika moto ukiiwashia kiberiti. Huruma ikaanza kupungua. Kufikia adhuhuri habari ilikuwa imezunguka boma lote kwamba mjane amegeuka mlevi, na mume wake bado hajapoa kaburini. Nikarudi nikaomba chupa nzima.

Jirani yetu Mama Amoding, yule wa Majanji anayeuza samaki, alinifuata nyuma ya jiko.

"Dada, hiyo pombe yote unapeleka wapi?"

"Naosha viti."

Akatazama kiti, akatazama kitambaa changu kilichojaa weusi, akatazama upande walikokaa wanaume. Akaelewa yote bila kuelezwa.

"Eh," akasema. "Hii viti inakunywa kuliko mashemeji zako."

Kisha akaingiza mkono kifuani akatoa makapeni yake mwenyewe, ile anayoandikia maboksi ya samaki ili yasibadilishwe njiani. Mimi nafuta, yeye anaandika. AMODING. AMODING. Tulifanya hivyo mchana kutwa siku mbili, kiti kimoja kimoja, tukisema tunaviosha kwa sababu watoto wamevimwagia uji. Nilisoma kemia zaidi nyuma ya lile jiko kuliko darasani. Kwenye kioo cha kabati na kwenye masufuria jina lilitoka kwa mpanguso mmoja, halikuacha hata kivuli. Kwenye meza lilitoka pamoja na vanishi ya baba yako, kwa sababu spiriti iliyoileta ndiyo inayoiondoa. Pakabaki ukurasa mweupe ambao wewe umefanyia hesabu juu yake miaka yote hii bila kujua kuna nini chini ya kitambaa. Kwenye kochi nilishindwa kabisa. Reksini, ile ngozi ya bandia, ilikunywa wino, nikaongeza waragi, ikapasuka kama midomo wakati wa kiangazi, na jina likabaki katikati ya nyufa linanitazama.

Siku ya tatu Jakobo alisimama nyuma ya lori akisoma majina.

"Amoding. Amoding. Amoding. Amoding tena! Huyu mama ana viti kama kanisa?"

"Samaki wananipenda, shemeji," akasema Mama Amoding.

Meza ilipofika akapitisha kiganja pale peupe. Akainama akanusa.

"Hii meza inanuka pombe."

"Si ilikuwa matangani? Wewe mwenyewe, hebu jinuse."

Watu walicheka mpaka dereva akapiga honi. Meza ikapanda, viti vikapanda, kabati na kigoda vikapanda. Kochi lilibaki. Mimi na wewe tulikaa mbele na dereva, na nilikuwa nimekufunga leso mkononi, kwa sababu hapo kwenye ngozi yako sikutaka kupaka waragi. Ngozi ilijisafisha yenyewe baada ya siku chache. Nilikuwa nikichungulia kila asubuhi.

Kwa hilo sijuti. Nimeambiwa niliiba. Nimeambiwa nilimwaibisha marehemu. Padri mmoja aliniambia kwa upole kwamba pengine ningeomba vizuri ningepewa. Mwanangu, kama leo wangeviandika tena, leo ningevifuta tena, na waragi ningeinywa iliyobaki mbele yao.

Ila kuna kitu kimoja, na ndicho kilichonipeleka kwenye migomba jana.

Kigoda chako kilikuwa cha mwisho. Chini yake baba yako hakupaka vanishi. Mti ulikuwa mtupu, na kwenye mti mtupu wino haukai juu, unaingia ndani pamoja na nyuzi. Waragi ilikuwa inausambaza tu. Mama Amoding akanong'ona, "Harakisha, shemeji yako anakuja." Nikachukua kisu cha kumenyea mihogo nikaanza kukwangua. Niliona OWOR mara mbili. Nikasema moyoni, huyu mtu ana tamaa gani, kitu kidogo hivi akiandike mara mbili. Mbele ya OWOR ya pili palikuwa na maneno mengine madogo. Nikayakwangua yote, kwa hasira, mpaka mti ukabaki mweupe kama mfupa.

Nilikumbuka usiku huo tulipofika nyumbani, nilipokipindua nikione. Maneno yale aliyaandika baba yako. Siku ulipoweza kukaa bila kushikiliwa, alikaa karakanani hadi jioni akakutengenezea kigoda, na chini yake, kabla hajakileta, akaandika: *Cha Ajambo, kutoka kwa Owor.* Alinionyesha, akajisifu kwamba wino huo hautatoka mpaka uzeeke. Katika nyumba hii hapakuwa na mwandiko wake mwingine. Vitabu vyake vya kazi vilibaki Petta. Jakobo alichukua kochi. Mwandiko wa baba yako niliuchukua mimi, kwa kisu.

Ulipokuwa darasa la tano uliniuliza, "Mama, Baba aliandikaje?" Nikakuambia sikumbuki. Nilikudanganya. Nakumbuka kila herufi. O yake haikufunga juu, iliacha mlango mdogo, kwa sababu alizoea penseli butu ya seremala. W yake ilikuwa kama meno mawili ya msumeno. R yake ilikuwa na mguu mrefu ulionyooshwa mbele kama mtu anayetaka kumpiga mwenzake ngwala. Nimejaribu kuichora hapa mara tatu na nimeikata mara tatu. Inafanana na mwandiko wangu tu, mwandiko wa mwalimu.

Baada ya hapo nilifuta kila kitu. Ulichora kuku ukutani ukiwa na miaka sita, nikamsugua kwa dawa ya meno mpaka rangi ya ukuta ikalainika, nawe ukilia kwamba kuku wako anakufa. Nilikuacha Buhehe kwa bibi yako miaka mitatu nikaenda kusomea ualimu, na niliporudi ulikuwa unamwita yeye Mama. Hilo nalo nililifuta, kwa pipi na kwa ukali. Sikukupeleka kaburini hata mara moja. Nilijiambia namkwepa Jakobo. Kumbe nilikuwa nafanya kazi yake: yeye alisema Owor ni wao, nami nikakubali, nikawaachia Owor mzima.

Mwaka jana darasani kwangu msichana mmoja aliandika kwenye ubao mweupe kwa makapeni isiyofutika, kwa bahati mbaya, na wenzake wakamzomea. Nikawaonyesha njia ya walimu: unaandika upya juu ya maandishi yaleyale kwa kalamu ya ubao, juu yake kabisa, kisha unafuta ukiwa bado mbichi. Wino mpya unaulainisha wa zamani, wote unatoka. Nilisimama na kifutio mkononi wanafunzi wakiningoja. Nilifikiria kile kigoda. Kwenye mti mtupu hata njia hiyo isingesaidia, najua. Lakini nilifikiria.

Ijumaa Jakobo alikuja. Ulikuwa chumbani, na najua ulisikia, kwa sababu redio yako ilinyamaza ghafla. Amezeeka. Nilimpa chai kutoka kwenye birika lilelile.

"Jumatatu nakuja na gari," alisema. "Tunampeleka sisi. Mtoto wa Owor hawezi kupelekwa shule na wanawake watupu."

"Wanawake watupu ndio waliomfikisha hapo."

"Na likizo anakuja Petta. Kwenye fomu andika mimi ndiye mzazi. Ana jina letu."

"Ana jina lake."

"Hiyo jina ilitoka wapi? Kwako Buhehe?"

Nilimwambia gari lake alipeleke kwingine, fomu nimekwisha kuijaza, na mzazi aliyeandikwa humo ni mimi. Akaondoka bila kumaliza chai. Nilijiona nimeshinda tena. Kesho yake ukapiga magoti ukaandika AJAMBO OWOR, ukajibu swali lake vizuri kuliko mimi, nami nikayamwagia maandishi yako spiriti.

Kwa hiyo nisikilize. Sitaliandika upya. Nimeshika makapeni yako mara mbili tangu mlipotoka nikairudisha mezani, kwa sababu mkono wangu umeshafanya vya kutosha kwenye jina hilo. Iko hapo. Andika wewe, kubwa kadiri unavyotaka, juu ya doa langu. Bati tupu linashika wino vizuri. Liandike pia kwenye ndoo na beseni. Kama unataka kuandika kwenye meza, andika.

Na kesho hatuendi shuleni Tororo moja kwa moja. Tunapita Petta. Najua njia ni ya kuzunguka, na najua sanduku lenye jina la Owor linaingia boma ambalo vitu vya Owor viliwahi kuingia na nusura visitoke. Ndiyo maana nataka liingie waziwazi, juu ya gari, kila mtu alisome. Tutasalimia, maana wewe ni mtoto wa pale na hukufundishwa utovu wa adabu. Kisha utaenda kwa baba yako ukae naye kadiri upendavyo. Akija Jakobo na neno, mimi sitasema kwa niaba yako. Una kinywa, nilikisikia jana. Utaendelea na shule yako, na likizo utakuja unakotaka kuja, na ukitaka kwenda Petta, nitakupeleka mimi.

Mwenye gari nimempigia simu asubuhi. Nilimwambia tukifika Petta asizime injini. Halafu nimempigia tena sasa hivi, kabla ya kukunja barua hii, nikamwambia aizime. Hatuendi pale kukimbia.

Mama yako